Jicho Lina Mizani Yake: Namna ya Kuunganisha Shairi na Mchoro katika Kazi Moja

Mtu anayetunga mashairi na pia kuchora huulizwa mara nyingi ni lipi kati ya hayo mawili analolifanya hasa, na wengi huishia kuamini kwamba hawana budi kuchagua. Historia ya pwani ya Afrika Mashariki inalijibu swali hilo vizuri kuliko sisi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945, alikuwa mtunzi wa tenzi, mnakili wa miswada, mchonga milango na mwanamuziki, na hakuna ushahidi kwamba alizihesabu kazi hizo kuwa maisha manne tofauti. Nakala yake ya Utenzi wa Fumo Liyongo ya mwaka 1913 ni miongoni mwa zile zilizoufikisha utenzi huo kwa wasomaji wa leo, na watafiti wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea awaandikie tungo za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, hati ambayo katika mkono wake ilikuwa pambo la ukurasa sawasawa na ilivyokuwa chombo cha kubeba maneno.

Simtaji Kijuma ili kumtukuza. Ninamtaja kwa sababu ya jambo la kiutendaji ambalo maelekezo haya yote yanalizunguka: mchonga milango anayetunga utenzi hulazimika kupima mara mbili, kwanza kwa sikio na kisha kwa jicho, na vipimo hivyo viwili havilingani. Shairi lililokamilika kwa sikio huwa bado halijakamilika kwa jicho. Anayetaka kuunganisha sanaa hizi mbili hana budi kukubali kwamba kazi kubwa ipo hapo katikati, baada ya ubeti kutimia na kabla rangi haijagusa karatasi.

Daftari moja, si mawili

Anza kwa kununua daftari lisilo na mistari, la ukubwa wa A4 au A5, na ulitumie kwa maneno na michoro kwa pamoja. Wengi wetu huweka daftari la mashairi mezani na la michoro mfukoni, na matokeo yake ni kwamba maneno hutungwa mezani juu ya vitu visivyotazamwa, ilhali michoro hufanywa njiani bila neno lolote la kuieleza. Upande wa kushoto wa daftari andika maneno na upande wa kulia chora, au fanya kinyume chake, ilmradi kurasa hizo mbili zitazamane na zihusu kitu kimoja ulichokiona siku moja.

Chagua mahali penye kazi ya mikono, kwa sababu kazi ya mikono ina msamiati wake na ina maumbo yake. Tuseme umekwenda ufukweni mahali ambapo jahazi limepandishwa mchangani na fundi analikalafati, yaani anaziba nyufa zake kwa pamba. Usianze na sifa za bahari. Andika majina ya vitu na vitendo jinsi mafundi wenyewe wanavyoyataja: mkuku, taruma, mlingoti, tanga, ufa, pamba, nyundo. Ukimsikia fundi akitumia neno usilolijua, mwulize, kisha liandike pamoja na mchoro mdogo wa kitu chenyewe, kwa sababu maana inayobaki kichwani bila umbo hupotea upesi. Katika kuchora, epuka kulichora jahazi zima. Chora mahali mbao mbili zinapokutana, jinsi uzi wa pamba iliyolowekwa mafuta unavyosukumwa ndani ya ufa, na safu ya vichwa vya misumari inayoonyesha mahali taruma, yaani ubavu wa jahazi, lilipo kwa ndani. Jahazi zima litakupa picha ya kadi ya posta, lakini ufa mmoja utakupa shairi.

Tunga kwa sikio kwanza

Baada ya hapo funga daftari na utunge kwa mdomo. Ushairi wetu wa kimapokeo hutungwa ili uimbwe au ughanwe, na ubeti unaotungwa kwa kutazama karatasi huwa na mizani sahihi, yaani hesabu ya silabi, lakini pumzi mbovu. Tembea, gonga meza kwa kidole, tafuta mahadhi unayoyajua na uyaweke maneno ndani yake. Hapa nitatumia ubeti wangu mmoja wa tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, wenye mizani 16 kila mshororo, ili tuufanyie kazi hatua kwa hatua:

Jahazi li mchangani, fundi alikalafati,
Pamba yazama nyufani, nyundo haina wakati,
Mlingoti u angani, tanga limekunjwa kati,
Bahari i mlangoni, yagonga na haiketi.

Kila kipande kina mizani 8, vina vya kati ni *ni* na vya mwisho ni *ti*. Kwa sikio ubeti umetimia, na mtu akiughani atausikia ukitembea kwa hatua sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Unaweza kutunga beti nyingine sita au saba zinazoufuata, lakini kwa kazi ya kwanza nakushauri ubaki na mmoja. Beti nyingi humfanya mchoraji aigeuze picha kuwa pambo la pembeni, kama maua yanayochorwa kwenye kadi za harusi.

Kisha pima kwa jicho

Sasa hesabu tena, lakini safari hii usihesabu silabi. Hesabu kila herufi, kila nafasi na kila alama, ukiiacha ile ya mwisho wa mstari. Mshororo wa kwanza una 38, wa pili una 41, wa tatu una 40 na wa nne una 37. Mishororo iliyo sawa kabisa masikioni haiko sawa machoni, na tofauti hiyo inatokana na tabia ya silabi zetu: silabi kama *i* au *u* huchukua herufi moja, ilhali *nyu* huchukua tatu na *njwa* huchukua nne, lakini kila mojawapo ni mizani moja tu. Ukiandika ubeti bila kulijua hili, ukingo wa kulia utakuwa umechongoka ovyo na vina vya kati vitaonekana kama vimedondoka mahali popote, kumbe ndivyo vinavyoushika ubeti.

Dawa yake ni kuugawa ukurasa katika safu mbili. Safu ya kwanza ibebe vipande vya mwanzo na ya pili ibebe vipande vya mwisho, na zote mbili zipangwe kwa kulinganisha upande wa kulia, ili *ni* nne zisimame moja chini ya nyingine na *ti* nne zisimame vivyo hivyo. Upande wa kushoto wa kila safu utakuwa na mchongoko, nao hauna madhara, kwa sababu jicho la msomaji litakuwa limeshikwa na nguzo mbili za vina. Mtu asiyejua lolote kuhusu kanuni za ushairi ataona kwamba kuna mpangilio kabla hajasoma neno.

Tuingie kwenye vipimo. Karatasi ya A3 iliyolazwa ina upana wa milimita 420 na kimo cha milimita 297. Ukiacha pambizo ya milimita 40 kila upande, utabaki na milimita 340 za kuandikia. Kipande kirefu zaidi katika safu ya kwanza kina herufi na nafasi 20, na kirefu zaidi katika safu ya pili kina 21, kwa hiyo unahitaji mahali pa herufi 41 pamoja na uwazi wa katikati. Kanuni ya waandishi wa kalamu bapa ni kwamba mwili wa herufi ndogo, yaani herufi kama *a* au *n* isiyo na mkia wala shingo, uwe na kimo cha takriban mara nne ya upana wa ncha ya kalamu. Ncha ya milimita 2 itatoa herufi za milimita 8, na kwa kuwa kila herufi pamoja na nafasi yake huchukua upana unaokaribia kimo hicho, safu zako mbili zitakaribia kugusana na uwazi wa katikati utakufa. Ncha ya milimita 1.5 itatoa herufi za milimita 6, safu zitakaa vizuri, na katikati patabaki zaidi ya milimita 80 tupu. Usiogope utupu huo. Ndipo mghani anapovuta pumzi, na ni haki yake kuonekana.

Hapo ndipo mchoro unapoingia, nao unapaswa kuingia kwa kuutazama ubeti unasema nini na umeacha nini. Kosa la kawaida katika kazi za aina hii ni kuchora kile ambacho shairi limeshakisema: shairi linataja jahazi, basi picha inakuwa ya jahazi, linataja mlingoti, basi mlingoti unasimama hapo na tanga lake lililokunjwa. Mtazamaji husoma kitu kimoja mara mbili na kuondoka. Katika ubeti wetu kuna bahari, jahazi, fundi, nyundo, mlingoti na tanga, na vyote hivyo vimekwisha kusemwa. Kilichotajwa kwa neno moja tu na kupitwa haraka ni zile nyufa. Basi chora mbao tano zilizolala, zenye mishipa ya mti na alama za tezo, chombo cha fundi cha kuchongea mbao, na kati yake ziwe nyufa nne, kisha mishororo minne iandikwe ndani ya nyufa hizo, mahali pamba inapozama. Ukiacha pambizo ya milimita 35 juu na chini, utabaki na kimo cha milimita 227, ambacho kinatosha nyufa nne za milimita 15 na mbao tano za milimita 33 hivi. Safu ya vichwa vya misumari ishuke wima kwenye mstari uleule ambapo *ni* zinaishia, ili kina cha kati kiwe juu ya taruma lisiloonekana. Hakuna haja ya kumweleza mtazamaji jambo hilo. Anayejua majahazi ataliona, na asiyejua ataona tu kwamba msumari na kina vimekaa pamoja kwa sababu fulani.

Bahari je? Ubeti unasema iko mlangoni na inagonga. Ukiichora, haigongi tena, imeshaingia. Ninachopendelea ni kulowesha pambizo ya chini kwa maji yenye buluu hafifu sana, kiasi cha kugusa ubao wa mwisho na kuacha doa lenye ukingo usio sawa, kama unavyoachwa na maji kwenye mti mkavu. Hiyo inatosha.

Kazi haiishii hapo, kwa sababu mchoro nao una haki ya kulirudia shairi na kulikata. Iwapo katika kuchora umeona kwamba alama za tezo zinaonyesha waziwazi mkono wa mtu, jiulize kama neno *fundi* bado lina kazi katika mshororo wa kwanza, na kama halina, tunga kipande kingine chenye mizani 8 mahali pake. Kurudi huku na huko ndiko kunakomtofautisha mtu mwenye sanaa mbili na mtu aliyebandika shairi lake juu ya picha yake.

Darasa lililomo ndani ya kanga

Anayetaka mwalimu wa karibu asiende mbali, afungue sanduku la nguo. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani msemo wake, lililoandikwa ndani ya mji upande wa chini. Mwanzoni nguo hiyo haikuwa na maneno, na anayetajwa zaidi kwa kueneza desturi ya kuiandika majina ya Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20 ni mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye kanga zake bado hutambulikana kwa chapa ya *K.H.E. Mali ya Abdulla*. Majina ya zamani yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na baadaye herufi za Kilatini zikachukua nafasi hiyo.

Funzo la kanga kwa malenga mchoraji ni uhusiano wa jina na mji, ambao aghalabu si uhusiano wa maelezo. Kanga yenye korosho inaweza kubeba maneno ya kumsuta jirani, na yenye mawimbi ikabeba dua ya mama kwa mwanawe. Hakuna mvaaji anayelalamika kwamba korosho hazihusiani na jirani. Maneno na umbo vinakaa nyumba moja bila kulazimika kusema neno moja, na umbali ulio kati yao ndio unaomfanya anayepita asome, ageuke, asome tena.

Fanya zoezi hili. Tandaza kanga ambayo hujawahi kuisoma vizuri, jina likiwa limefunikwa kwa karatasi, na uutazame mji kwa utulivu mpaka uwe na wazo la hali inayojengwa na rangi zake: je, ni ya furaha, ya hasira, ya majivuno? Kisha ondoa karatasi na usome. Andika daftarini ni kitu gani kimebadilika katika rangi zilezile. Rudia kwa kanga nyingine tano au sita, na kama nyumbani kuna mama au bibi mwenye sanduku zito, mwombe akueleze kila moja aliinunua kwa ajili ya nani na aliivaa siku gani, maana hapo utapata elimu ambayo haimo kitabuni. Hatimaye chukua mchoro wako ambao hauna maneno na uutafutie jina la kanga, kipande kimoja tu cha mizani 8, kisichotaja chochote kilichochorwa. Ni zoezi gumu kuliko kutunga ubeti mzima, na ni bora kuliko yote ninayoyajua.

Vifaa

Mwana Kupona, alipoanza kumtungia binti yake wasia mwaka 1858, alimwita asogee akiwa na wino na karatasi, na watunzi wengi wa tenzi hutaja kalamu na wino kabla ya kuingia katika kisa. Kwao vifaa havikuwa jambo la kuonewa haya, wala havikuwa jambo la gharama. Kalamu ya mtete unaweza kujitengenezea mwenyewe: chagua mtete mkavu na mgumu, ukate mshazari kwa kisu kikali, punguza mbavu mpaka ncha ifikie upana unaoutaka, kisha upasue mpasuo mfupi katikati ya ncha ili wino uteremke, na umalize kwa kuikata ncha mara moja juu ya kitu kigumu ili iwe bapa. Ukitumia kisu butu utapasua mitete mingi bila sababu.

Kwa majaribio tumia karatasi za manila, ambazo hupatikana katika kila duka la vifaa vya shule, lakini usitumie manila kwa kazi ya kuuza kwa sababu hugeuka njano upesi na rangi ya maji huikunja. Kazi ya mwisho ifanywe kwenye karatasi nzito ya rangi ya maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba ukiweza kuipata. Wino uwe ule usiofifia kwa jua. Wino wa kalamu za kawaida za ofisini utakuaibisha baada ya mwaka mmoja ukutani.

Wapo wanaopenda ubao. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo unaoitwa kwa jina lake, alichora kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya hadibodi za mraba, na rangi hizo hushika herufi vizuri sana, kama kila mchora vibao wa mjini anavyojua. Sharti lake ni subira. Acha usuli ukauke kabisa, angalau siku nzima na zaidi wakati wa masika, ndipo uandike herufi, kwa kuwa herufi ikichanganyika na usuli mbichi haisafishiki. Andika kwa penseli kwanza ubeti wote, hata kama mkono wako una uhakika, kwa maana maneno ya Kiswahili ni marefu na ukifika ukingoni na *limekunj* huna pa kwenda.

Neno moja kuhusu hati ya Kiarabu. Anayeisoma na kuiandika ana hazina kubwa, na miswada ya pwani, ikiwemo misahafu iliyopambwa ya Siyu katika kisiwa cha Pate, itamfundisha mengi kuhusu ukurasa. Asiyeisoma asiitumie kama pambo. Herufi moja ikikosewa nukta yake inakuwa herufi nyingine, na aya takatifu iliyowekwa kwenye kitu kitakachokaliwa au kukanyagwa itawaudhi watu kwa haki kabisa.

Tenzi na mashairi huru

Yaliyosemwa juu ya tarbia yanabadilika kidogo katika bahari nyingine, yaani aina nyingine za mashairi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vikiwa na kina chao na cha nne kikibeba kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Kina hicho cha nne ni zawadi kwa mchoraji: kwenye karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani kikiandikwa kwa rangi yake peke yake, kitashuka kama uzi mmoja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na picha zinaweza kuning'inia pande zake bila kuukata.

Mashairi huru yanampa mtunzi uhuru wa kupanga maneno popote, na Kithaka wa Mberia wa Kenya ni miongoni mwa waliouchukua uhuru huo kwa dhati, akiyapanga maneno ukurasani mpaka mpangilio wenyewe ukawa sehemu ya maana. Mimi huwashauri wanaoanza wasianzie huko. Mahali pasipo na mizani ya sikio, mizani ya jicho hubaki peke yake kubeba mzigo wote, na mtu asiyeizoea huishia kutawanya maneno kama mchele uliomwagika na kuuita mtawanyiko huo sanaa.

Kuyaendesha maisha yenyewe

Kuhusu muda, usigawe wiki katika siku za ushairi na siku za uchoraji. Gawa kulingana na mwanga: kuchora na kupaka rangi kunahitaji mchana, ilhali kutunga na kurekebisha mizani kunawezekana usiku, njiani, hata katika foleni ya benki. Mwenye ajira ya kutwa nzima abakize saa za mchana za Jumamosi kwa ajili ya rangi na asizitumie kwa jambo ambalo lingeweza kufanywa gizani.

Kuhusu kuonyesha kazi, shairi lililoko ukutani lipewe sauti. Siku ya ufunguzi wa onyesho simama mbele ya kila kazi uighani mara moja, au mtafute mwenye sauti nzuri kuliko yako aighani, kisha uwaache watu watazame. Wenye kuishi Dar es Salaam wana Nafasi Art Space, kituo kilichoko Mikocheni tangu mwaka 2008, ambako wasanii wa picha na wa jukwaani hukutana, lakini ukumbi wa shule, baraza ya msikiti siku ya Maulidi au uwanja wa kijiji unafaa vilevile iwapo utaitundika kazi kwenye kimo cha macho na mahali ambapo mwanga hautoki nyuma ya mtazamaji.

Tuzo za fasihi, kama ile ya Safal-Cornell ya Kiswahili au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nchini Tanzania, hupokea miswada ya ushairi na huisoma kama maandishi. Kwa sababu hiyo hifadhi nakala safi ya kila shairi iliyochapwa bila picha, na ujiulize kama linasimama. Mashairi mengine hayatasimama, kwa kuwa nusu ya uzito wake umebebwa na mchoro. Hayo yaache yabaki ukutani na usiyarekebishe ili yampendeze jaji.

Piga picha au skani kila kazi kabla haijauzwa. Kwa skana tumia nukta 300 kwa inchi au zaidi. Kwa simu, laza kazi kivulini nje wakati wa asubuhi, ishike simu juu yake moja kwa moja ili mistari isiinamie upande, na usitumie taa ya simu, kwani wino mweusi hung'aa na rangi hafifu hupotea.

Liko jambo ambalo wasanii wengi hulijua wakiwa wamechelewa, nalo ni kwamba kazi ya namna hii ina vitu viwili vinavyolindwa na sheria, yaani utungo na mchoro, na anayenunua karatasi au ubao hanunui haki ya kuuchapisha utungo kwenye kalenda, fulana wala kanga. Ofisi za kusajili na kulinda haki hizo ni COSOTA kwa Tanzania, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na KECOBO kwa Kenya, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mkiwa wawili, mmoja mtunzi na mwingine mchoraji, andikeni makubaliano kabla ya kuanza: nani atatajwa kwanza, fedha zitagawanywa vipi, na je, shairi likichapishwa bila mchoro au mchoro bila shairi nani atapaswa kuombwa ruhusa. Urafiki si sababu ya kuliahirisha hili.

Katika stakabadhi ya mauzo andika jina la kazi, vipimo, aina ya wino na karatasi, mwaka, bei, na sentensi moja inayosema kwamba hakimiliki ya shairi na ya mchoro inabaki kwa msanii. Mnunuzi na msanii watie saini, na kila mmoja achukue nakala yake.